Mke wa Koplo

Mama yangu alikuwa na neno moja la kumalizia ugomvi wowote ndani ya nyumba yetu. Unaweza kuwa na haki yako yote, umejieleza mpaka kuku wa jirani wameelewa, halafu yeye anashusha pumzi, anavua miwani na kusema, "Wewe una mama wa kumjibu. Mimi sikuwa naye." Basi, umekwisha. Unaomba radhi, unakwenda kuosha hata vyombo ambavyo hukula navyo.

Na nilimwonea huruma kweli, sitajifanya mjanja leo. Baba yake alikuwa koplo jeshini, akafa katika ajali ya lori la kambi kabla mama hajaanza shule. Mama yake akamfuata mwaka uliofuata kwa homa. Hivyo ndivyo tulivyosimuliwa. Shangazi yake akamlea kidogo, kisha shule ya bweni ya mayatima wa askari ikamchukua, akasoma, akawa mwalimu, akawa mwalimu mkuu, na mpaka leo mji mzima unamwita Mwalimu, hata wale aliowachapa. Vyeti vyake vya shule, palipotakiwa jina la mzazi, vimeandikwa "yatima". Jina la mama yake hakulijua. Shangazi hakupenda kulitaja, alisema, na shangazi naye alikuwa ameshalala kaburini zamani.

Mimi ni msusi. Nina saluni ya viti vitatu, ulimi mwepesi, na baba yangu alifariki nikiwa tumboni, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na Mwalimu. Kuna wakati fundi umeme mmoja alitaka kunioa tuhamie mbali alikopata kazi. Mama hakunikataza, sitamsingizia. Alisema tu, "Nenda, mwanangu. Mimi nimeshazoea kuachwa." Sasa hapo nani angenyanyua sanduku? Fundi akanisubiri weee, mwisho akaoa mwingine, na sikuwa na uso wa kumlaumu.

Siku moja nikiwa naosha kichwa cha mteja, redio ikatangaza kwamba jeshi linabadilisha mawe yote ya makaburi katika uwanja wake wa maziko. Mawe ya zamani yalikuwa yameliwa na mvua. Familia iliyotaka iliruhusiwa kuongeza jina la mke wa askari chini ya jina lake, pamoja na mwaka aliokufa. Masharti yalikuwa mawili: ushahidi wa ndoa kutoka kwenye jalada la askari, na cheti cha kifo cha mke. Kisha mtoto wa askari, kama yuko hai, atie saini. Nilimwachia mteja povu masikioni, nikatafuta kalamu.

Sikumwambia mama. Nilitaka iwe zawadi. Nilijisemea kwamba kwa umri wake ule, na nguo zote nilizomnunulia, na mitandio, na miwani, kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumpa: jina la mama yake. Mimi ndiye ningempa, na labda baada ya hapo angepumzika, nami nipumzike.

Masijala ya jeshi ilikuwa nyuma ya kambi, chumba kirefu chenye harufu ya karatasi zilizolowa zikakauka. Mzee aliyeitunza, sajini mstaafu ambaye wote walimwita Bwana Jalada, alinitazama kucha zangu nyekundu kwanza, kisha uso. Nikampa namba ya jeshi ya babu, iliyokuwa nyuma ya picha yake. Akaenda, akakohoa huko ndani mpaka nikaanza kumwombea, akarudi na jalada lililofungwa kwa uzi.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya kuandikishwa. Hali ya ndoa: hajaoa. Nilidhani basi, bibi yangu hakuwa mke, alikuwa mapito tu, na ndiyo maana shangazi mtu hakutaka kumtaja.

"Usinunie karatasi ya kwanza, binti," Bwana Jalada aliniambia. "Wakati ule waliooa walikuwa hawachukuliwi. Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa na makapera tu. Fungua karatasi ya mtu wa kuarifiwa."

"Mtu wa kuarifiwa ndiyo nini?"

"Yule wa kupelekewa habari ukifa. Hapo askari hakuthubutu kudanganya. Angedanganya, habari ingepelekwa kwa asiyehusika."

Nikafunua. Juu palikuwa na jina la mama yake koplo, limekatwa kwa mstari. Chini yake, kwa wino mwingine, jina la mwanamke, majina yote matatu, kata aliyozaliwa, na mbele yake neno moja: mke. Nililia mbele ya mwanaume nisiyemjua, nikapenga kamasi kwa kitambaa changu cha kufutia vitana. Bwana Jalada akajifanya anatafuta kitu mezani.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ombi la shangazi kwa shule ya bweni, kwamba mtoto apokelewe kwa kuwa wazazi wote wawili wamekufa. Namba ya cheti cha kifo cha mama yake ilikuwa imeandikwa pembeni. Bwana Jalada alininakilia kila kitu, akagonga mhuri. Nilitoka mle nikiringa. Nilikuwa na bibi, na bibi alikuwa mke, na cheti kilibaki kuchukuliwa tu.

Kwenye ofisi ya usajili wa vifo nilimkuta karani mmoja mwanamke, amesukwa vibaya mpaka nilijizuia kusema. Nikampa majina matatu na kata. Akaenda kwenye rafu zake, akarudi akiwa na vitabu viwili vikubwa kifuani.

"Unataka nakala ya kipi?" akaniuliza.

"Kipi vipi? Nataka cha kwake."

"Viko viwili."

Nikacheka. Nikamwambia mtu hafi mara mbili, dada yangu, hata kwetu hatujafikia huko. Hakucheka. Akavigeuza vitabu vyote viwili kunielekea na kuweka kidole.

Majina yalikuwa yaleyale matatu. Baba yuleyule, kata ileile. Katika nafasi ya maelezo, vyote viwili vilisema mjane wa askari, na namba ya jeshi ilikuwa ya babu yangu, tarakimu kwa tarakimu. Cha kwanza kilikuwa cha mwaka uliofuata ajali ya lori. Alifia nyumbani, hakuna daktari, mtoa taarifa ni wifi yake, alama ya dole gumba. Hicho ndicho shangazi alichokipeleka shuleni. Cha pili kilikuwa cha miaka mingi baadaye, wakati mimi niko darasa la tatu. Alifia hospitali ya mji wetu huu huu, kwa mapafu, daktari ametia saini. Kazi ya marehemu: mfuaji nguo, hospitalini hapohapo. Mtoa taarifa: binti wa marehemu.

Kisha saini ya huyo binti. Nimesoma shule ambayo mama yangu alikuwa mwalimu mkuu. Ripoti zangu zote, muhula baada ya muhula, zilikuja nyumbani na saini ile, yenye mkia mrefu unaorudi nyuma kujipigia mstari wenyewe. Niliwahi kujaribu kuighushi nikashindwa. Ningeitambua gizani.

Niliona haya kwanza, mbele ya yule karani, ingawa yeye hakujua lolote. Halafu nikaanza kumtetea mama kwa sauti, nikisema lazima kuna makosa, nyie mnaandika andika tu, mtu akipita anasaini. Karani akaniacha niseme nikamaliza. Akaniuliza taratibu kama nataka nakala moja au zote. Nikasema zote.

Nilimkuta mama sebuleni, saa yake ya chai ya mchana, miguu juu ya kigoda, redio chini kwa chini. Nikaizima redio. Nikaweka nakala mbili mezani karibu na kikombe. Alivaa miwani, akasoma cha kwanza, akasoma cha pili, na nilimwona akisahihisha kwa macho kama bado yuko darasani. Kisha akavua miwani.

"Usianze," nikamwambia. "Leo usiniambie hukuwa na mama."

Nilidhani atakana, na sijui kwa nini nilikuwa naomba akane.

"Shule ile ilikuwa haichukui mtoto mwenye mzazi hai," alisema hatimaye. "Shangazi akaenda kuandikisha kifo. Mama mwenyewe alikubali. Alinisindikiza mpaka getini, askari wa zamu akamwuliza yeye ni nani, akasema ni mtumishi wa nyumbani."

"Ulikuwa mtoto. Hilo silaumu mtu."

"Siku za kutembelewa alikuja. Wenzangu wakaniuliza, nami nikasema ni mtumishi wetu wa zamani. Alileta karanga. Ilikuwa lazima niseme hivyo, wangenifukuza."

"Na ulipokuwa mkubwa?"

"Nilipokuwa mkubwa nilikuwa mwalimu."

"Nauliza ulipokuwa na kazi yako, mume, nyumba. Nani angekufukuza?"

"Wewe unafikiri ni rahisi. Mtu anaamka asubuhi anawatangazia watu kwamba mama yake amefufuka? Nilishasimulia uyatima wangu kwenye mahafali. Wazazi walikuwa wanalia. Nilipewa ile shule kwa sababu ya historia ile, na wewe ulikula kwa mshahara ule." Akagusa kikombe, hakunywa. "Sikumtupa. Nilimtafutia kazi ya kufua hospitalini. Nilikuwa nikimpelekea nguo, na dawa ya kifua."

"Kwa mlango wa nyuma."

"Kwa mlango wa nyuma, ndiyo."

Nilikua nikiwaonea wivu watoto waliokuwa wakiahidiwa kupelekwa kwa bibi wakati wa likizo. Nilikuwa nawauliza bibi ananukia nini. Na huyu wangu alikuwa anafua mashuka mwendo wa vituo viwili vya basi kutoka nilipokuwa nalala.

"Aliwahi kuniona?" nikauliza.

"Mara moja. Ulipovunjika mkono, ukalazwa. Alikuja kubadilisha shuka la kitanda chako. Nilimwomba asiseme kitu." Akatazama dirishani. "Hakusema."

Nilijitahidi kumkumbuka. Nilikumbuka plasta inawasha, nikakumbuka nimelia nikitaka soda. Uso wa mtu aliyenyanyua miguu yangu kutandika shuka sina. Nimeutafuta siku nzima ile na siku zilizofuata, sina.

"Amezikwa wapi?"

"Hospitali ilimzika."

"Wapi, mama?"

"Sijui. Nilitia saini, nikaondoka. Ningeonekana makaburini ningewaambia watu nimekuja kumzika nani?"

Hapo nilipandisha mori, sitaki kudanganya. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia umenila miaka yangu yote kwa huruma ya uongo. Umenifanya nimwache mwanaume aliyenipenda, ukisema umezoea kuachwa, kumbe wewe ndiye uliyeacha. Nilimwambia kila nilipokuogesha ulipoumwa mgongo nilikuwa nafikiri namlipia bibi yangu marehemu kazi aliyoshindwa kuimaliza. Alinisikiliza mikono mapajani. Nilipoishiwa pumzi akaniuliza swali moja, kwa sauti ya ofisini.

"Kwenye jiwe utaandika mwaka gani?"

Alikuwa ameshauona mhuri wa jeshi kwenye karatasi zangu, ameshaelewa kila kitu. Akaniambia niandike ule wa kwanza. Jina sawa, jina alistahili, ila mwaka uwe ule wa kwanza, kwa sababu wanafunzi wake wa zamani watakuja kwenye uzinduzi wa mawe mapya na wanajua kusoma, maana yeye ndiye aliyewafundisha. Alijaribu hata kutabasamu. Nikamwambia nitaandika mwaka wa kweli au kalamu ivunjike. Nikaingia chumbani kwangu, nikajifungia.

Tuliishi hivyo kwa muda, kila mtu na sahani yake. Kisha mchana mmoja akaja saluni, peke yake, na mkongojo. Hajawahi kupenda saluni yangu, husema ina kelele. Akakaa kwenye kiti cha katikati, akavua kilemba, akasema, "Nitengeneze nywele. Na ile fomu ya jiwe ilete nitie saini."

"Mwaka wa kweli," nikasema.

"Mwaka wa kweli. Bibi yako alistahili zaidi ya hayo. Umefanya kazi ambayo mimi nilishindwa, mwanangu."

Akasaini juu ya paja lake, na ule mkia ukarudi nyuma kujipigia mstari. Mimi nami, jitu zima, nikalainika. Nilimwosha kichwa kwa maji ya uvuguvugu, nikamkanda kisogo, nikamsuka mistari midogo midogo ambayo huwa nawasukia maharusi. Wateja walisema mama umependeza. Fomu niliipeleka mwenyewe kambini siku ileile, nikapewa stakabadhi. Nilivishwa kilemba cha ukoka, nikakikaza vizuri kichwani, nikatembea nacho.

Siku ya uzinduzi uwanja wa maziko ulifagiliwa mpaka ukang'aa. Mawe yalifunikwa vitambaa vyeupe, safu baada ya safu, na familia zilisimama kila moja mbele ya jiwe lake. Wanafunzi wa mama walikuja wengi, watu wazima wenye vitambi na mikoba mizuri. Tarumbeta ilipopigwa tukaambiwa kila familia ivute kitambaa. Nilikivuta mimi.

Palikuwa na namba ya jeshi, cheo, jina la babu na mwaka wake. Chini yake jiwe lilikuwa limesuguliwa safi, halina kitu. Nikapitisha kiganja, kana kwamba herufi zingeweza kuwa zimejificha. Nilidhani mchongaji amesahau.

Nikamwendea afisa aliyekuwa na orodha. Akatafuta, akapata, akanionea huruma kidogo. "Ombi liliondolewa," alisema. "Mtoto wa marehemu alikuja mwenyewe, siku mbili baada ya fomu kufika. Yeye ndiye mwenye kauli, mama. Wewe ni mjukuu."

Nikageuka. Mwalimu alikuwa amesimama mbele ya jiwe tupu, mistari yangu kichwani imekaa vizuri, leso machoni, wanafunzi wamemzunguka. Mmoja alikuwa amemshika bega. "Pole, Mwalimu," alikuwa anasema. "Kukua bila mama si mchezo." Naye akaitikia kwa kichwa, akipokea.

Nilirudi nikasimama katikati yao. Mama aliniona usoni akatikisa kichwa kidogo sana, vile alivyokuwa akimfanyia mtoto anayetaka kutoa jibu lisilotakiwa. Nikasema majina ya bibi yangu, yote matatu, kwa sauti iliyofika safu ya pili. Nikasema huyo ndiye mke wa koplo huyu. Alikuwa mfuaji katika hospitali yetu, na alikufa mimi nikiwa darasa la tatu. Nikasema aliyesaini cheti chake cha kifo ndiye huyu mnayempa pole.

Mama akakunja leso yake mara mbili, akawageukia.

"Mnisamehe," aliwaambia kwa upole mkubwa. "Mwanangu amekua bila bibi, na jambo hili limemwelemea. Amezunguka maofisini mpaka amechoka."

Nikatoa vyeti vyote viwili mkobani, na nakala ya Bwana Jalada yenye mhuri, nikawanyooshea. Walinitazama kwa huruma, wale watu wazima, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Mwanamke mmoja akanikumbatia pamoja na karatasi zangu. "Tunaelewa, mdogo wangu," akanong'ona.

Nilijitoa. Mama alikuwa ameshaninyooshea mkono wake nimshike, kwa sababu njia ya kutokea ilikuwa na ngazi na magoti yake hayataki ngazi. "Twende nyumbani," alisema.

"Tafuta wa kukupeleka," nikamwambia. "Mimi kwako sirudi."

Alinitazama kuona kama natania. Alipoona sitanii, mkono ulibaki hewani, kisha akaanza kulia. Safari hii alilia kweli, mabega yote yakimtetemeka, na wao wakamzunguka wakampa pole ileile.